Jibu: Kompyuta mpya niliyounda haitoi sauti

Pole, ndugu yangu wa Malindi. Umesema picha ni safi ila spika kimya. Kabla fundi hajakwambia ubao mama (motherboard, ule ubao mkubwa unaounganisha vifaa vyote) umekufa, tazama skrini: kama umeiunga kwa waya wa HDMI, unaobeba picha na sauti pamoja, Windows mara nyingi hupeleka sauti huko, hata kama skrini yenyewe haina spika. Bofya alama ya spika pale chini kulia, uchague spika zako. Mimi hapa Lamu nilihangaika siku mbili kwa jambo hilo hilo, nusura nipakie mashine nzima kwenye boti hadi Mokowe, kule bara.

Zisipoonekana kabisa kwenye orodha, pakua draiva ya sauti (programu inayoiwezesha Windows kutumia kifaa cha sauti) kutoka tovuti ya watengenezaji wa ubao wako, kisha hakikisha sauti haijazimwa kwenye BIOS, ile mipangilio ya ubao inayofunguliwa kabla Windows haijawaka.

Na je, umezichomeka wapi? Jaribu nyuma, tundu la kijani. Matundu ya mbele hayasemi kitu mpaka uunge ule waya wa kasha ulioandikwa HD AUDIO. Wengi huusahau, maana pini 9 za kuuchomeka zimejificha pembeni kabisa, kwenye ukingo wa chini wa ubao. Zima umeme kwanza lakini!

Ukikwama, taja aina ya ubao.