Kabla ya Kumkabidhi Imamu Tangazo la Chanjo

Ijumaa iliyopita niliwatazama vijana wawili wapya wa timu yetu wakimwahi imamu mlangoni mwa msikiti, muadhini tayari ameshika kipaza sauti, wakamkabidhi karatasi ya tangazo la chanjo ya surua-rubela na kumwomba aisome baada ya swala. Kwa uungwana wake aliipokea na akaisoma. Hakuna aliyekuwa amemweleza kwa nini chanjo hiyo hurudiwa, watoto wa umri gani waje, wala ajibu nini atakapoulizwa. Vijana hawa nawapenda, kwa kuwa hubeba kibebeo cha chanjo kwenye jua la mchana bila kunung'unika, lakini kosa hili limerudiwa sana katika pwani yetu hii ya Tanga na subira yangu nalo imekwisha. Basi ninawaandikia ninyi mliopangiwa vituo karibuni.

1. Mwendeeni imamu mapema, nje ya siku ya Ijumaa, baada ya swala ya alasiri au isha, mkiwa mmeshapita kwa sheikh wa kata. Chukueni kadi ya kliniki na kibebeo chenyewe. Mfungulieni aone barafu, mtoleeni chupa ya polio na mwonyesheni alama ya joto kwenye lebo: mraba wa ndani ukiwa bado mweupe kuliko duara lililouzunguka, chanjo ni nzima. Mtu aliyeiona alama hiyo kwa macho yake huieleza vizuri kuliko bango lolote.

2. Mwambieni maudhi ya chanjo kabla hamjamwambia faida zake. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu jambo hili nililijifunza kwa gharama ya mtu mwingine. Nilipokuwa mgeni kazini kama ninyi, imamu mmoja mtu mzima aliniuliza, "Mwanangu, sindano hii haitawasumbua watoto?" Nikamjibu kwamba haina neno lolote. Nilijua fika kuwa chanjo ya penta, ile inayokinga magonjwa matano kwa sindano moja, huweza kuleta homa ya siku moja au mbili na uvimbe pajani, lakini nilihofu kwamba nikiutaja ukweli huo atasita kututangazia. Ijumaa akapanda mimbari na kuyasema maneno yangu kama nilivyompa, bila kupunguza. Kina mama waliitikia wito, tukachanja mpaka jua likashuka. Usiku ule watoto kadhaa wakachemka, na alfajiri mama zao hawakuja zahanati kuniuliza mimi niliyesema uongo. Walikwenda kwa imamu, wakamkuta anatoka kuswalisha. Bibi mmoja alimwambia mbele ya maamuma, "Sheikh, ulituambia haina neno." Nilipofika barazani kwake asubuhi hakunigombeza. Alinikaribisha, akaagiza nipewe kahawa, kisha akasema, "Watu hawa mimi ndiye ninayewasalisha, ninayewaozesha na ninayewazika. Ukinipa neno la kuwaambia, nipe neno zima." Homa za watoto zilipoa, ila wiki nne baadaye, siku ya dozi ya pili, benchi la kliniki lilikuwa karibu tupu, na imamu hakututangazia tena kwa muda mrefu. Nililokuwa nimelitumia vibaya ni amana yake kwa watu, ambayo haikuwa mali yangu, na ambayo yeye aliijenga tangu kabla sijazaliwa.

Kwa hiyo mpeni neno zima. Penta: homa na uvimbe, kama nilivyosema. Surua-rubela: homa na pengine vipele vyepesi kati ya siku ya 7 na ya 12, wakati mama amekwisha kusahau kwamba mtoto alichomwa. BCG, yaani chanjo ya kifua kikuu: kidonda kidogo begani ambacho hakitakiwi kupakwa kitu chochote. Imamu akiyataja haya kabla, homa itakapokuja itathibitisha kauli yake badala ya kuivunja.

3. Msikiapo uvumi, ulizeni ulikotoka kabla ya kuukanusha. Kila mgeni katika kazi hii anapaswa kukijua kisa cha Kano, Nigeria. Mwaka 2003 chanjo ya polio ilisimamishwa huko kwa takriban miezi 11, baada ya viongozi wa dini na wa serikali ya jimbo kudai kwamba imetiwa dawa ya kufunga kizazi. Ni rahisi kuwaita watu wale wajinga, na nimewasikia baadhi yenu mkiwaita hivyo. Kumbukeni kwamba mwaka 1996, wakati wa mlipuko wa homa ya uti wa mgongo, kampuni ya Pfizer ilikuwa imeijaribu dawa yake mpya kwa watoto wa Kano hiyohiyo, na wazazi wakaishtaki. Hofu ile ilikuwa na mzizi. Chanjo ilirejea mwaka 2004 kwa dozi zilizotoka Indonesia, nchi ya Waislamu wengi, lakini virusi vilikuwa vimeshasafiri, na mwaka 2005 vikafika Indonesia yenyewe. Baadaye Sultani wa Sokoto, kiongozi mkuu wa Waislamu wa Nigeria, na watawala wenzake wa jadi wa kaskazini waliibeba kazi ya kuwarudisha watu kwenye chanjo, na tarehe 25 Agosti 2020 Afrika ikatangazwa kuwa haina tena polio ya asili.

4. Fiqhi waachieni wenye fiqhi. Mkifika na hadithi ya "jitibuni", ile ya Mtume ya kuhimiza watu watafute tiba, mliyoinakili kwenye simu, mnamsomesha mwanachuoni jambo alilolihifadhi tangu chuoni. Kazi yenu ni kumpa taarifa sahihi: chanjo imetengenezwa wapi, ina nini ndani. Akiuliza kuhusu nguruwe, msikwepe. Wanazuoni waliokutana Kuwait mwaka 1995 walitumia hoja ya istihala, kwamba kitu kikibadilika kabisa hukumu yake nayo hubadilika. Baraza la Maulamaa la Indonesia, mwaka 2018, lilisema kuwa chanjo ya surua-rubela iliyotoka India ilitumia kitu cha nguruwe katika utengenezaji wake, na bado likairuhusu kwa dharura kwa kuwa haikupatikana nyingine iliyo halali. Njia ni mbili, na mwenye kuzipima ni yeye.

5. Fuateni kalenda ya nyumba. Siku ya saba kuna akika na imamu yupo, basi muombeni aulize kama mtoto amepata BCG na polio ya kuzaliwa. Arobaini ya mzazi nayo huisha siku mbili tu kabla ya wiki ya sita, ambayo ndiyo siku ya dozi ya kwanza ya penta. Imamu, au bibi anayemlea mzazi, akiliunganisha jambo hilo kwa sentensi moja, mama akitoka ndani safari yake ya kwanza huwa ni ya kliniki.

6. Msimwaibishe imamu aliyewaelekeza watu kwenu. Najua chupa ya surua-rubela ina dozi 10 na ikishachanganywa hutupwa baada ya saa 6, na najua mnavyoogopa kuulizwa juu ya dozi zilizomwagwa. Hata hivyo mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) unataka ifunguliwe hata akija mtoto mmoja. Nimemwona mama aliyetembea tangu alfajiri kwa neno la imamu wake akiambiwa arudi Jumanne wenzake watakapokuwa wengi. Alirudi kwa imamu kwanza, na Jumanne hakuonekana.

Kazi ikiisha, rudini kwa imamu na hesabu: waliochanjwa, waliokosa, na mitaa ambayo haikuleta mtoto hata mmoja. Yeye na maalim wa madrasa wanazijua nyumba hizo kwa majina, na baadhi ya watoto hao wana ndugu zao kwenye daftari la chuo. Hesabu hiyo mpelekeeni yeye siku ileile, kabla haijapanda wilayani.