Stroberi siyo parachichi: mzigo wangu ulivyofika Dar ukiwa uji

Juzi usiku nimepata meseji kutoka kwa mdogo wangu mmoja wa Makambako, sijawahi kumwona ila anafuatilia ninayoandika hapa, ananiambia "dada shikamoo, nimeona picha za stroberi zako nimeshawishika, nina robo ekari na maji ninayo, naomba unipe mchanganuo wa miche na mbolea". Nimeisoma mara mbili tatu nikakosa usingizi, maana hiyo meseji ni mimi kabisa wa miaka mitatu iliyopita. Miche, mbolea, kilo ngapi kwa wiki, kilo shilingi ngapi, unapiga hesabu kwenye simu mpaka unajiona uko Kariakoo unanunua gari. Hakuna hata swali moja kuhusu tunda likishachumwa. Na mimi sikuuliza, na hapo ndipo nilipoumia.

Habari ya kulima nitairuka, miche nilipata, ikashika, hapa Uyole, Mbeya, stroberi inaipenda baridi yetu na kipindi cha kiangazi matunda yalitoka mazuri mpaka majirani wanasimama barabarani kuangalia. Nikapata oda Dar, duka kubwa tu, jina siliweki hapa. Wakataka kilo 38 kwa kuanzia. Aisee nilifurahi. Nilimpigia mama yangu Tukuyu nikamwambia mama sasa mambo yamekubali, akanijibu ndaga fijo, yaani asante sana kwa Kinyakyusa, Mungu ni mwema.

Sasa sikilizeni nilichofanya. Ilikuwa mwezi wa tisa, jua kali lile la kabla ya mvua. Tulianza kuchuma saa nne asubuhi kwa sababu vibarua walichelewa, tukamaliza saa nane mchana, na muda wote huo zilizochumwa mwanzo ziko kwenye ndoo za lita 20 pembeni ya tuta, juani. Tukazileta nyumbani nikaona zina vumbi nikasema duka la Dar hawawezi kupokea vumbi, nikaziosha zote kwenye beseni, zikang'aa kweli, nikazipanga kwenye maboksi zikiwa bado zimelowa maji, matabaka matano sita kwenda juu. Jioni nikapakia kwenye basi, konda akaweka kwenye buti pamoja na magunia ya viazi. Kilomita zaidi ya 800, Makambako, Mafinga, Iringa, unashuka Kitonga unaingia kwenye joto la Mikumi na Morogoro, buti limefungwa.

Asubuhi nikatumiwa picha. Tabaka la chini ni uji mwekundu, la katikati limelegea, la juu limeanza manyoya ya kijivu. Chini ya picha wameandika "dada hii hatuwezi kupokea". Nikasema sawa, ni kosa langu, naomba basi mnirudishie hata maboksi. Hawakurudisha maboksi na baadaye nikasikia kwa mtu aliyekuwepo pale kwamba zile zilizokuwa bado nzima zilichambuliwa zikauzwa. Mimi sikupata hata mia. Nilipiga simu wiki nzima, haipokelewi. Kiukweli mpaka leo nikipita mbele ya duka la aina ile moyo unasimama kidogo.

Baada ya hapo nilikaa nikajifunza, nikasoma, nikawauliza mabwana shamba, na kitu cha kwanza kilichonishtua ni hiki: stroberi haiivi ikishachumwa. Sisi watu wa huku tumelelewa na ndizi na parachichi, ukichuma parachichi Rungwe likiwa gumu kama jiwe linaiva lenyewe safarini, kwahiyo kichwani tunaamini kila tunda ni hivyo. Stroberi hapana. Sukari iliyonayo dakika unaichuma ndiyo hiyo hiyo, haiongezeki. Rangi inaweza kukolea kidogo, ukadhani imeiva, ila utamu uko pale pale. Kwahiyo ukiichuma nyeupe ili ibaki ngumu njiani, umemuuzia mtu uchachu. Na ukiiacha iive kupita kiasi haifiki hata Igawa. Mimi sasa nachuma ikiwa nyekundu yote, au ibaki kaweupe kadogo tu kwenye bega karibu na kikonyo kama inaenda mbali.

Cha pili ni joto. Tunda likichumwa bado linapumua, na linavyopumua ndivyo linavyojila lenyewe. Kwenye nyuzi 20 stroberi inapumua mara tano na zaidi kuliko ikiwa kwenye nyuzi sifuri. Ndiyo maana wenzetu wanaouza kwa wingi nje wanaikimbiza kwenye ubaridi ndani ya saa moja tangu ichumwe, wanaiweka karibu na nyuzi sifuri, hewa yenye unyevu wa asilimia 90 mpaka 95, na hata hapo hawategemei zaidi ya siku kama saba hivi. Siku saba! Na hao wana mitambo. Mimi zangu zilikaa juani masaa manne.

Yale manyoya ya kijivu ni ukungu, wataalamu wanauita botritisi, na huwa unaingia tangu shambani kwenye maua, umejificha tu, unasubiri tunda lipate jeraha na maji. Mimi nikaupa vyote viwili. Hata kwenye friji hauachi kabisa kukua, unapungua mwendo tu. Kwahiyo tafadhali usioshe stroberi unayotaka kuiuza. Usioshe. Anayekula ndiye ataosha. Kama una shida ya vumbi na udongo tandaza majani makavu chini ya miche, tatizo limalizie huko huko shambani.

Halafu aina. Hapa nilikuwa sijui kitu, mche kwangu ulikuwa mche. Zile zilizokufa zilikuwa Chandler, aina ya zamani ya California ya mwaka 1983, tamu sana, harufu inajaa nyumba, lakini nyama yake laini. Siichukii hata kidogo, bado ninayo, ila sasa naiuza hapa hapa Mbeya siku hiyo hiyo, na inayobaki napika jamu, na kwenye jamu hakuna inayoishinda. Za kusafiri nimeweka Festival, iliyotolewa na chuo kikuu cha Florida mwaka 2000, ngozi yake imekaza. Camarosa nayo ni ngumu, inavumilia safari vizuri, ila ukiiwahi kidogo tu haina ladha, na rangi yake inazidi kuwa nzito kadri inavyokaa mpaka mteja anadhani imezeeka. Nilifanya jaribio langu mwenyewe jikoni, matunda kumi kumi, nimechuma asubuhi moja: Chandler nje ya friji siku ya pili imelegea, Festival siku ya tatu bado unaweza kuuza. Ndani ya friji Chandler siku nne, Festival ikafika wiki. Na zote zimetoka kwenye tuta zinazopata maji yale yale na mbolea ile ile. Kwa habari ya mbolea, ukizidisha urea majani yatakuwa mazuri sana na tunda litakuwa laini, usifurahie majani.

Siku hizi tunaanza umande ukikauka tu, saa mbili kasoro, saa nne tumefunga. Tunakata na kikonyo na kofia yake ya kijani, hatuvuti, inaingia moja kwa moja kwenye kikontena cha gramu 250 haiguswi tena. Kila nusu saa kuna mtu anapeleka kwenye kibanda cha mkaa, kuta mbili za waya katikati mkaa, tunaumwagia maji, na kiangazi hewa ya huku ni kavu kwahiyo ndani kunapoa vizuri bila umeme. Masika haifanyi kazi hivyo, nawaambia mapema. Kutoka hapo zinaingia kwenye deli lenye chupa za barafu, barafu isigusane na tunda maana sehemu iliyoganda ikiyeyuka inakuwa maji. Na akifika nazo mteja asilifungue kwenye joto ghafla, zitatoka jasho, na jasho ni ukungu wa kesho. Dar napeleka kidogo, kilo 10, 12, kwa mtu ninayemjua anayekuja kupokea stendi mwenyewe na analipa nusu kabla. Hilo la nusu silijadili na mtu tena.

Vijana wenzangu, tunapenda sana kuhesabu kilo zilizoko shambani. Kilo ya shambani siyo yako bado. Mtu anakopa, anauza ng'ombe wa baba, analima robo ekari nzima halafu siku ya kuvuna ndiyo anatafuta maboksi.

Kwahiyo mdogo wangu wa Makambako, marahaba, na nimefurahi umeniandikia. Umesema maji unayo. Kivuli je, kuna sehemu ya kujenga kibanda isiyozidi dakika kumi kwa miguu kutoka kwenye matuta? Na mnunuzi wako wa kwanza yuko Makambako, Njombe au Dar? Nijibu hayo mawili kwanza, mchanganuo wa miche nitakutumia baada ya hapo.