Dole Gumba la Laki Mbili

Jana usiku dogo mmoja wa Usa River kanitumia picha ya mguu wake ukiwa kwenye plasta. Kagongwa na gari aina ya Noah akiwa kazini na bodaboda, na mwenye gari kampelekea laki tatu wodini, eti wayamalize kibinadamu. "Kaka, nichukue?"

Sikulala vizuri, maana mimi nilichukua.

Ilikuwa 2019, Kwa Sadala, natoka Boma kurudi Moshi na bodaboda ya bosi. Gari dogo likakata kona mbele yangu bila indiketa. Paja likavunjika, na kiganja cha kulia. Siku ya tatu mwenye gari akaja na mfuko wa machungwa pamoja na mama mmoja wa kanisani kwao. Akaazima kalamu kwa nesi, akachana karatasi ya daftari: "Nimelipwa shilingi 200,000 na sina madai tena." Mkono ulikuwa kwenye bandeji, kwa hiyo yule mama akanichorea wino kwenye dole gumba la kushoto, taratibu, kama ananipaka dawa. Nikagandamiza. Tukasali.

Hela iliisha kabla sijaruhusiwa. Miezi saba sijapeleka hesabu kwa bosi, pikipiki akapewa mwingine. Nilipojikongoja na magongo hadi kwa kampuni ya bima ya yule bwana, wakanitolea nakala ya ile karatasi. Dole langu lilionekana vizuri kabisa.

Vijana wenzangu, tusidanganyane. Sheria inalazimisha kila gari liwe na bima, na ile ndogo tunayoidharau, ya mtu wa tatu, ndiyo inayomlipa aliyegongwa kama kosa ni la dereva: matibabu, ulemavu, kipato kilichopotea. Ukipokea laki za wodini unaisamehe kampuni, siyo dereva.

PF3 kwanza, ile fomu ya polisi ya majeruhi! Umezimia? Ndugu yako aende polisi akaichukue. Trafiki apime ajali na kuchora ramani kabla magari hayajaondolewa. Piga picha namba za gari. Ukiziingiza kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima, unaiona bima yake. Risiti tunza zote, hata ya magongo. Na PF3, narudia. Wakikuzungusha, yupo Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, na mahakamani una miaka 3 tu tangu ajali. Halafu uwe na leseni na helmeti. Wanaoendesha wamelewa msiniandikie, nina hasira zangu.

Dogo wa Usa River, kalamu ya watu rudisha. Kisha nitumie picha ya PF3. Mguu nimeshauona.