Kipa hagawi glavu zake hivihivi

SWALI: Sista, shikamoo. Mwanangu ana miaka 15, yuko kidato cha pili hapa Korogwe. Tangu muhula uanze amebadilika. Hasemi, na ukimsemesha anafoka. Kila Jumatatu asubuhi tumbo linamuuma. Tumempima malaria mara tatu, hamna kitu. Usiku namsikia akitembeatembea, asubuhi haamki. Alikuwa kipa wa timu ya mtaa, sasa mpira hataki hata kuusikia, na glavu zake kamgawia mtoto wa jirani. Baba yake anasema ni balehe, viboko vitamtibu. Shemeji yangu mwenye duka la dawa kanipa amitriptilini nimpe kila usiku. Ziko kabatini, sijaanza. Nikimpeleka hospitali, si watasema mwanangu ni wa Lutindi, kule hospitali ya wagonjwa wa akili?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimekwama kwenye glavu. Umezitaja kwa kupitia tu. Kuchoka na kitu ulichokipenda ni dalili kubwa ya sonona, ugonjwa wa akili wa huzuni na kukosa hamu. Kukigawa kabisa kunaweza kuwa zaidi ya hapo: ni mtu anayefunga mizigo. Huenda sivyo, lakini usilale leo hujamuuliza.

Muulize mkiwa wawili, mnachambua mchele au mnatoka kisimani, si mbele ya baba yake: “Mwanangu, kuna wakati unatamani kufa? Umewahi kufikiria kujiua?” Najua mdomo utakuwa mzito. Watu huogopa kwamba kuuliza ni kumtia mtoto wazo. Hakumtii wazo lolote. Swali hilo nimeliuliza wodini kwa zaidi ya miaka 20, na wengi walioitikia walianza kwa kushusha pumzi. Akisema ndiyo, usimhubirie wala usimwache peke yake. Mwende hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.

Sasa hivyo vidonge. Mrudishie shemeji leo. Amitriptilini ikimezwa nyingi kwa mkupuo huvuruga mapigo ya moyo na huua, nawe umeiweka kwenye nyumba yenye mtoto anayegawa vitu vyake! Isitoshe, kwa watoto haijaonyesha kutibu sonona kama inavyofanya kwa watu wazima. Na dawa ya wadudu wa shambani, kama mnayo, itiwe kufuli.

Dawa inayotumika zaidi kwa vijana ni fluoksetini, ila huandikwa na daktari aliyemchunguza, na hufanya kazi vizuri zaidi ikiambatana na vikao vya mazungumzo. Usitarajie nafuu kesho. Huchukua wiki nne hadi sita. Wiki za mwanzo ndizo za kumkazia macho, maana kwa baadhi ya vijana mawazo ya kujiua huongezeka. Marekani ililazimisha onyo hilo liandikwe kwenye dawa za aina hii tangu 2004. Daktari atataka kujua pia kama kuna siku ambazo halali kabisa na wala hachoki, anaongea mbio, anajiona mfalme. Kama zipo, ugonjwa ni mwingine, na fluoksetini peke yake yaweza kumzidishia hali hiyo.

Kwa mzee: sonona ya mtoto mara nyingi haiji na machozi, huja na hasira. Balehe humnunisha kijana asubuhi, jioni ukamkuta uwanjani. Haimnyang’anyi usingizi na mpira muhula mzima. Viboko vitamthibitishia tu yale anayojiambia usiku.

Tumbo nalo linauma kweli, hajifanyi. Ila kwa nini Jumatatu? Mdadisi taratibu kuhusu shule, nani anamwonea, nini kilitokea.

Lutindi ni hospitali kama nyingine, ipo huko milimani tangu enzi za Wajerumani, lakini si lazima muanzie huko. Nendeni hospitali ya wilaya, ulizia muuguzi wa afya ya akili. Wampime na damu, kwa kuwa upungufu wa damu nao humlegeza mtoto hivyohivyo. Akitaka kuongea na mtu asiyemjua, simu ya watoto ni 116, haina malipo.

Glavu usimnyang’anye mtoto wa jirani. Mwombe tu azitunze.