Jeni hunyamazishwa au hubadilishwa?

SWALI: Niliandika habari kuhusu dawa mpya za pumu zinazovutwa kwa pumzi na kunyamazisha jeni. Mhariri alifuta "zinazonyamazisha jeni" akaweka "zinazobadilisha vinasaba". Anasema jeni haina mdomo, itanyamazishwaje? Nani yuko sahihi? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Uko sahihi wewe. Suala la mdomo tulimalize upesi: bunduki hunyamaza vita vikisimama, redio hunyamaza betri zikiisha, na hakuna Mswahili aliyewahi kudai kuonyeshwa midomo yao.

Kinachonikera ni hicho alichokiweka badala yake. Siku hizi habari yoyote yenye herufi DNA au RNA ndani yake lazima "ibadilishe vinasaba". Wakati wa Korona maneno hayo yalizunguka kwenye simu za watu usiku na mchana: chanjo itabadilisha vinasaba vyako. Nawajua watu wazima waliokataa sindano kwa sababu ya kitenzi hicho, nao hawakuwa wajinga. Walielewa Kiswahili chao sawasawa. Waliowaandikia ndio hawakuelewa walichokuwa wanakiandika.

Badili tulilipata kwa Waarabu, pamoja na ndugu yake badala, na ndani yake mna kutoa hiki na kuweka kile. Kubadili na kubadilisha zimekwisha kuchanganyika vinywani mwa watu na nimechoka kugombana nazo. Sokoni semeni mnavyopenda. Lakini nasaba ni ukoo, na kwa Tanzania vinasaba ni DNA yenyewe: ndivyo neno linavyotumika tangu maabara hadi kwenye sheria ya vinasaba vya binadamu ya mwaka 2009. Kwa hiyo mgonjwa wa pumu anayesoma kwamba dawa "inabadilisha vinasaba" anaelewa kuwa atavuliwa urithi wa wazazi wake na kuvishwa mwingine, kisha awarithishe wanawe. Akikataa kuivuta, nani wa kumlaumu?

Dawa hizo hazifanyi hivyo hata chembe. Jeni, yaani kipande cha DNA chenye maagizo ya kutengeneza protini, yaliyoandikwa kwa herufi za kikemikali, hukaa ndani ya kiini cha seli. Seli ikitaka protini fulani, hunakili maagizo ya jeni kwenye RNA mjumbe, na nakala hiyo hutoka nje ya kiini kwenda kusomwa. Dawa ni kipande kifupi cha RNA chenye nyuzi mbili, urefu wa herufi kama 21, kilichotengenezwa kilingane na nakala moja tu. Kikiingia ndani ya seli, mitambo ya seli yenyewe hukitumia kuitafuta nakala hiyo na kuikata. Protini haitengenezwi. Jeni imebaki pale pale, herufi zake zote salama. Njia hiyo ilielezwa na Andrew Fire na Craig Mello mwaka 1998 kwa kuchunguza minyoo wadogo, wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2006.

Sasa mtazame mama mwenye mtoto anayelia ndani ya daladala. Anamnyamazisha. Je, amembadilisha? Hajamshusha kituoni akapakia mwingine. Ni mtoto yule yule, jina lile lile, mapafu yale yale, na titi likimtoka mdomoni atalia tena, pengine zaidi ya mwanzo. Abiria wote wanajua kuwa kimya kile kina muda wake na kwamba mama atarudia kazi yake kabla ya kufika Mbagala. Jeni iliyonyamazishwa iko hivyo. Inclisiran, dawa ya kolesteroli ya jamii hii hii, hudungwa kila baada ya miezi sita ukishamaliza dozi mbili za mwanzo. Kama ingekuwa imebadilisha kitu kwenye DNA, kurudia huko kungekuwa kwa nini?

Tena kitenzi cha mhariri wako kinahitajika kwingine. Mwezi Novemba 2023 Uingereza iliidhinisha Casgevy, tiba ya selimundu ambayo seli za mgonjwa hutolewa mwilini, DNA yake ikakatwa na kuhaririwa, kisha zikarudishwa. Hapo DNA imebadilishwa kweli, na familia zenye selimundu huku kwetu zinastahili kulisikia neno hilo likiwa bado na maana yake. Mkilimaliza kwenye pumu, selimundu mtaiandikia nini?

"Kuzima jeni" nakuvumilia, kwa kuwa kilichozimwa huwashwa. "Kuua jeni" usithubutu. Na "dawa ya kuvuta" iongezee "kwa pumzi" angalau mara ya kwanza, maana mtaani anayevuta dawa anafikiriwa mengine.

Kichwa cha habari kiwe hivi: "Dawa ya kuvuta kwa pumzi inayonyamazisha jeni yajaribiwa kwa pumu". Hilo "yajaribiwa" mhariri asiliguse hata kama nafasi ni finyu. Kampuni ya Arrowhead ya Marekani imewavutisha watu waliojitolea dawa iitwayo ARO-RAGE, inayolenga protini ya RAGE, ambayo ni tele mapafuni na inahusishwa na mchochota, yaani uvimbe, wa njia za hewa. Kiwango cha protini hiyo kwenye damu yao kilishuka. Lakini kushuka kwa kipimo cha damu na mtu kulala usiku mzima bila kubanwa kifua ni mambo mawili, na ute wa mapafu pamoja na seli zake za ulinzi huizuia dawa isifike inakotakiwa. Dawa za kunyamazisha jeni zilizokwisha kuidhinishwa, tangu patisiran ya mwaka 2018, ni za kudungwa au kutiwa kwa dripu. Mgonjwa wako wa Morogoro asiiache ile ya kuvuta aliyopewa hospitalini kwa kuisubiri hii.