Kabla sijakata bima ya vyombo vya nyumbani

Umeme ulikuwa umekatika tangu mchana. Uliporudi, saa tatu usiku, balbu ya sebuleni iliwaka nyeupe kupita kawaida, friza ikanguruma mara moja, kisha nyumba ikajaa harufu ya plastiki iliyoungua. Kesho yake asubuhi nilikuwa nakaanga kilo nane za samaki kwenye mbabula mbili, yaani majiko ya makaa, nikiwahi wasiharibike, huku namwambia baba watoto kwamba safari hii tunakata bima.

"Kwa makuta gani?" akauliza.

Hakukosea. Sisi ni wapangaji hapa Kampemba, mjini Lubumbashi, Kongo, watoto watatu wanasoma, mimi nashona nyumbani, na mwezi ukifika tarehe ishirini tunaanza kupima unga kwa kikombe. Bima ya gari sheria inailazimisha. Hii ya vyombo vya ndani hakuna anayekufuata mlangoni. Zamani hata pa kuchagua hapakuwepo: kwa karibu miaka hamsini SONAS, kampuni ya bima ya serikali, ilikuwa peke yake sokoni, hadi sheria ya 2015 ilipofungua mlango, na kampuni nyingine zikapewa leseni mwaka 2019. Leo Lubumbashi unaweza kuzunguka ukiuliza bei, na kuuliza ni bure.

Ofisi niliyoingia ilitaka dola 70 kwa mwaka. Wakala alikuwa kijana mpole, kila neno mama, mama. Kalamu ilikuwa tayari mkononi mwangu nilipomuuliza habari ya friza.

"Ile mama ni ajali ya umeme. Inaongezwa pembeni, na bei yake pembeni."

Nikaweka kalamu chini. Tukaanza kusoma pamoja. Moto umo, mlipuko umo, bomba likipasuka umo. Wizi umo ikiwa dirisha lina nondo na mlango umevunjwa. Mtoto akisahau kufunga, shauri yako. Vita na ghasia havimo kabisa. Wanaokumbuka uporaji wa 1991 mjini hapa watajua kwa nini niliusoma mstari huo mara mbili.

Kisha nikauliza habari ya cherehani zangu.

"Unashonea watu?"

"Ndiyo, tangu zamani."

"Basi hizo ni vifaa vya kazi, si vyombo vya nyumba. Na vitambaa vya wateja si mali yako."

Kumbe nilikuwa karibu kulipa dola 70 kulinda makochi! Makochi yakiungua tutakaa kwenye mkeka, na wageni watatuvumilia. Cherehani zikiungua hatuli, na juu yake kuna mama kumi wanaodai vitenge vyao vya harusi. Kwa hiyo ukiwa na pesa kidogo, usianze na bei. Kaa jioni moja na daftari, andika vitu ambavyo vikipotea leo maisha yanasimama, halafu umwonyeshe wakala orodha hiyo umuulize kimoja kimoja: hiki kimo? Kama kimo, akuonyeshe kilipoandikwa. Maneno ya mdomo hayalipi.

Kuna mtego mwingine unaotunasa sisi wa pesa kidogo zaidi ya wenye nazo. Vyombo vyako vina thamani ya dola 2.000, lakini ili ulipe kidogo unatangaza 1.000. Moto unakula vya 600. Unadhani utapata 600, kwa sababu hazijafika 1.000. Mara nyingi hupati: ulikata bima ya nusu ya mali, nao wanakulipa nusu ya hasara, 300. Hapo bado hawajatoa franshizi, yaani sehemu ya hasara unayobeba mwenyewe. Ikiwa ni dola 100, unarudi nyumbani na 200. Friza ya miaka sita nayo hailipwi kama mpya, isipokuwa mkataba uwe umesema hivyo. Ni afadhali kutangaza vitu vichache kwa thamani yao kamili, kama kampuni inakubali, kuliko nyumba nzima kwa bei ya kujidanganya.

Wapangaji, ulizeni pia habari ya moto unaoanzia kwenu. Mbabula yako ikichoma dari, mwenye nyumba atakudai nyumba yake na jirani atakudai ukuta wake. Kwangu hilo lilikuwa zito kuliko televisheni.

Risiti ni taabu, najua. Soko la Kenya, mtaa wa hapa hapa Lubumbashi, nani anaandika risiti? Mimi sasa nabembeleza muuzaji aandike hata kwenye karatasi ya daftari, aweke sahihi na namba ya mashine. Picha nimemtumia dada yangu Likasi, maana simu yangu inaweza kuungua pamoja na vyote.

Mwaka ule sikukata. Pesa ilikwenda kwanza kwenye kidhibiti umeme, na mbabula nikaihamishia nje kabisa, chini ya mwembe. Mwaka uliofuata nilirudi kwa kijana yule na daftari langu. Cherehani zikaandikwa kwa majina na namba, moto unaoanzia kwetu ukafika kwa jirani ukaongezwa, makochi tukayaacha. Ikawa dola 85. Nikaomba mkataba uanze Septemba, kwa sababu Septemba ndiyo zamu yangu ya likelemba, mchezo wetu wa kuchanga pesa na kupokea kwa zamu.