Maswali ya Wasomaji: Ndege za Mashindano na Sarakasi za Angani

Ndege kama Extra 300 huruka kichwa chini. Mbona injini haizimiki? (Msomaji, Arusha)

Kabureta ya kawaida yenye boya ingezima. Extra 300 hutumia injini ya Lycoming AEIO-540, nguvu za farasi 300, ambayo hupuliziwa petroli kwa shinikizo. Ndani ya tangi lake la katikati mna mrija wa mpira laini wa kunyonyea wenye kizito nchani: mafuta yakihamia juu, nao huyafuata. Mpira huo huzeeka. Ukikakamaa hubaki palepale, na injini hukohoa mara ndege inapopinduka. Fundi asisubiri dalili hiyo ndipo aubadilishe. Matangi ya mbawani lazima yawe tupu kabla ya sarakasi.

Oili ndiyo ngumu zaidi. Valvu yenye gololi hufungua njia ya sampu (bakuli la oili chini ya injini) ndege ikiwa sawa, na njia ya juu ya injini ikiwa kichwa chini. Katikati ya hapo, hasa ndege ikilala ubavu, presha hushuka kidogo. Sekunde moja haina neno. Isiporudi, acha sarakasi, nyoosha ndege. Pangaboi la ndege hizi lina vizito ambavyo presha ikipotea huzipeleka bapa zake kwenye pembe kubwa, injini isizunguke kupita kiasi. Wala usijaze oili kupita kipimo: inayozidi hutapikwa kwenye bomba la kupumulia na kuchafua tumbo lote la ndege.

Katika Red Bull Air Race, mashindano ya ndege kupita kati ya minara, ndege ziligonga minara bila kuanguka. Ilikuwaje? (Msomaji, Abu Dhabi)

Minara hiyo ilikuwa kitambaa chepesi kilichojazwa hewa, kikiguswa na bawa kinachanika. Katika misimu ya mwisho, kabla mashindano hayajakoma mwaka 2019, kugonga kuliongeza sekunde 3 kwenye muda wa rubani.

Kwa nini rubani huona giza? (Msomaji, Nairobi)

Akivuta usukani kwa 6 G, yaani mara sita ya uzito wa kawaida, mwili wa kilo 75 hulemea kama kilo 450, na damu hushuka miguuni. Macho hutangulia: rangi hufifia, kingo huwa nyeusi. Hapo legeza usukani. Ukaze miguu, makalio na tumbo kabla ya kuvuta, si baadaye, kisha pumua kwa mikupuo mifupi kila sekunde 3. Hatari kubwa ni kuvuta ghafla baada ya kusukuma usukani ndege ikiwa kichwa chini: mishipa imekwisha kulegea, na hata 4 G humzimisha aliyezoea 7.